Ombi Lililorudi kutoka Amerika

Baba yangu alikuwa apasuliwe Jumatatu. Nianzie hapo, maana watu wa kijiji chetu cha Magwagwa wakisimulia habari hii huanzia kwa yule mzungu, na mzungu wa watu hakuwa na kosa. Wengine huanzia kwa wifi yangu Nyaboke, na hao ndio wanaonichemsha damu. Mimi ni Jacinta, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Obwocha, na mdomo wangu hauna breki. Lakini haya niliyaona mwenyewe. Mengine nilielezwa na Nyaboke kwa kinywa chake.

Baba alikuwa na ugonjwa wa tezi, ule unaowapata wanaume wakishazeeka. Siku nyingine mkojo ulimtoka bila kumwomba ruhusa, siku nyingine ulikataa kutoka kabisa. Aliyejua ni mama peke yake. Alimshonea vitambaa kutoka kwa shuka kuukuu, akavifua kabla hatujaamka, akavianika katikati ya migomba mahali ambapo hata kuku hawakupita. Sisi watoto tuliona tu kwamba baba ameacha benchi la mbele kanisani na kuhamia mlangoni. Tukadhani ni uzee, tukamcheka kidogo kwamba anataka kutoroka mahubiri.

Kwetu Gusii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Mswahili atakuambia ni heshima, mwingine atasema ni aibu. Ni yote mawili, na ukuta juu yake. Mkaza mwana hamshiki mkono baba mkwe wake, hakanyagi chumba anacholala mzee, na mambo ya mwili wa mzee hayataji, awe yupo au hayupo. Mimi binti yake pia siyataji, wala kaka yangu Cleophas. Wanaoruhusiwa kutaniana juu ya lolote ni wa rika moja, wale waliotahiriwa pamoja. Basi mtu akiugua mahali pabaya, wote wanaompenda wamefungwa midomo na wanaomtania wako huru.

Nyaboke ni mke wa Cleophas. Alikuwa nesi katika hospitali ya Nyamira, mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole. Digrii ya kwanza alikuwa nayo tayari. Mwaka wa tisini na saba akatangaza kwamba anaanza shahada ya uzamili ya uuguzi katika chuo kikuu cha kanisa letu kilichoko Amerika, na kwamba hataondoka nyumbani. Atasoma kwa kompyuta. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Utasomaje Amerika na wewe uko Nyamira unachambua mboga za chinsaga?" nikamuuliza.

"Ngoja tu, wifi," akasema. "Utaniita daktari wewe."

Kila Jumapili alipanda kwenda Kisii mjini, kwenye duka la Indravadan. Mzee huyo wa Kihindi aliuza karatasi, wino na mashine za ofisi, na nyuma ya duka alikuwa ameweka kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Binti yake Krupa ndiye aliyeiendesha. Nilimsindikiza Nyaboke mara kadhaa, nikaona jinsi kile kidude kilivyolia na kukoroma kabla ya kushika.

"Sista, leo laini iko mbaya sana," Krupa alizoea kusema. "Wewe keti, kunywa chai. Hii itashika tu."

Ikishika, masomo ya wiki nzima yalishuka kwenye disketi na majibu ya Nyaboke yakapanda. Wanafunzi wenzake walikuwa huku na kule duniani, wengi wao Wamarekani, na mwalimu wao mkuu alikuwa mama mmoja aliyeitwa Profesa Marlene. Darasa lenyewe lilikuwa la watu wa dini. Kila wiki, kabla ya somo, kila mwanafunzi alitakiwa kuleta ombi, na wenzake wote walimwombea. Kuna aliyeombea ndoa ya mwanawe, kuna aliyeombea matiti ya dada yake. Mmoja aliombea mbwa. Krupa, ambaye si hata Mkristo, alisikitika sana juu ya mbwa yule na kila Jumapili alitaka kujua amepona au la.

Nyaboke aliandika ombi moja tu, wiki baada ya wiki: aombewe asome vizuri. Mwishowe Profesa Marlene akamwandikia kwa upole kwamba hilo si ombi, hiyo ni salamu. Alete kitu kinachomuuma kweli. Na alete jina, kwa sababu ni rahisi kumpenda mtu mwenye jina.

Na kitu cha kumuuma kilikuwepo. Wakati huo mama alikuwa amezidiwa. Siku moja wakipepeta wimbi yeye na Nyaboke, alimweleza yote, macho yake yakiwa kwenye ungo. Alivunja mwiko, anajua, lakini angefanya nini? Nesi alikuwa mmoja tu katika boma zima.

Nataka mjue Nyaboke alifanya nini na siri ile, kwa sababu watu wanapenda kusahau sehemu hii. Hakumwambia mumewe. Hakuniambia mimi. Alikwenda kwa Omwenga, tabibu wa pale kazini kwao, mtu wa ukoo wetu na wa umri ambao baba angeweza kumsikiliza. Omwenga akawa anapita nyumbani mara moja moja, anakunywa chai, anasimulia habari za mjomba wake aliyepasuliwa tezi Kisii na sasa analala usiku kucha. Baba akawa anasikiliza huku anajifanya anatafuta kiberiti. Ilichukua karibu mwaka mzima. Alikuwa anaogopa kisu, na zaidi ya kisu alikuwa anaogopa kujulikana. Hatimaye akamwambia Omwenga, "Nitafutie siku, lakini iwe wewe na mimi tu." Hakujua, na hakupaswa kujua, kwamba nyuma ya Omwenga alisimama mkaza mwana wake. Kazi safi namna hiyo sijawahi kuiona, nami si mwepesi wa kumsifu wifi yangu.

Ila huku akifunga mdomo nyumbani, aliufungua Amerika. Aliandika kila kitu kwenye lile darasa la maombi: jina la mzee, ugonjwa wake, vitambaa vya mama, hofu ya kisu. Watu wasiomjua wakamlilia Mungu kwa ajili ya Obwocha wa Magwagwa. Siku ilipopatikana ya kupasuliwa, akawaandikia hiyo pia, wakashangilia.

Agosti ya mwaka uliofuata, Profesa Marlene akaja Kenya na kikundi cha kanisa. Akaomba apelekwe kwa mwanafunzi wake. Jumamosi ile, siku yetu ya Sabato, alihubiri kwetu, na baba alikuwa apasuliwe Jumatatu yake.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Walimu na makarani walikaa mbele, kina mama katikati, na baba pale pale mlangoni, kofia mapajani. Mgeni alihubiri kwa Kiingereza, na aliyemtafsiria kwa Ekegusii, lugha yetu, alikuwa Nyaboke. Nani mwingine? Alivaa gauni la bluu, na sauti yake ilikuwa imetulia. Mama aliniminya goti kwa furaha. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Nilijisikia kama mtu ambaye wifi yake amefika.

Mgeni alipomaliza, akafunga Biblia, akatabasamu.

"Kabla sijakaa," akasema kwa Kiingereza chake, "kuna mtu nimetamani sana kumwona. Yuko wapi baba yetu Obwocha? Darasa letu limemwombea kwa jina mwaka huu wote. Tumekiombea kibofu chake. Tumemwomba Mungu amwondolee hofu. Na sasa keshokutwa anapasuliwa! Mungu ni mwema."

Kisha akamgeukia Nyaboke, angoje tafsiri.

Nyaboke alimtazama baba kule mlangoni. Benchi la walimu lilikuwa limeshasikia, na mtu mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Mgeni anasema," Nyaboke akaanza kwa Ekegusii, "kwamba kule kwao wamesikia habari za Mzee Obwocha. Wamesikia alivyobeba mawe ya kujenga kanisa hili. Wanamshukuru Mungu kwa ajili yake."

Hapo benchi la mbele likapasuka. Walijaribu kujizuia, wengine wakainamia vitabu vya nyimbo, lakini kicheko cha kanisani ukikikandamiza huku kinatokea kule. Vijana wa sekondari pale madirishani hawakujaribu hata kujizuia.

Na baba akasimama. Baba yangu, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, alisimama pale mlangoni na kofia yake mkononi, uso umemng'aa namna ambavyo sikuwa nimeuona tangu nikiwa mtoto.

"Mwambie mgeni nashukuru," akasema. "Mwambie mimi nilibeba mawe tu. Waliojenga ni wengi."

Nyaboke akamgeukia mgeni na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anashukuru kwa maombi. Profesa Marlene akafuta machozi, akasema amina. Watu wakazidi kucheka. Na baba alipoona kila mtu anacheka, naye akacheka, akiwatikisia kofia kwa mkono, kwa sababu alidhani wanafurahi pamoja naye.

Hiyo ndiyo picha niliyobaki nayo. Nikiwa darasani nageukia ubao, inanijia.

Baada ya ibada nilimkuta Nyaboke nyuma ya kanisa, kwenye sufuria za wageni. Nilimshika mkono nikambana.

"Ulimwambia nani mambo ya baba?"

"Darasa."

"Darasa! Na darasa si watu?"

Akanieleza yote, palepale, bila kujitetea. Mwishoni akasema, "Ni Amerika, wifi. Nilidhani ni mbali." Nilikuwa na maneno ya kumrushia ya kutosha wiki nzima, lakini mgeni alikuwa anamwita akapigwe picha.

Nani angemwambia baba walichokuwa wanacheka? Si mimi. Si Cleophas. Mama alisema ataongea naye akishatoka hospitali, apone kwanza. Lakini chinsoni haimfungi wa rika lake, na wa rika lake alikuwa Onsongo, rafiki wa tangu utotoni, mtu wa mizaha. Jumapili walikutana kwenye kituo cha kupimia majani chai, kila mmoja na kikapu chake.

"Wewe Obwocha," Onsongo akampigia kelele mbele ya foleni, "mimi hata Nairobi sijafika, na mkojo wako umeshafika Amerika!"

Alidhani baba anajua. Alidhani wanacheka pamoja, walivyocheka tangu wakiwa vijana. Baba akamuuliza taratibu amesikia wapi, na Onsongo, ambaye binti yake ni karani na alikaa benchi la mbele, akamsimulia neno kwa neno. Baba alipimiwa majani yake, akabeba kikapu, akarudi nyumbani.

Jumatatu Omwenga alikuja na gari. Alimkuta baba nje, ananoa panga.

"Rudi tu, Omwenga," baba akamwambia. "Mimi siumwi."

Omwenga alibembeleza. Mama alipiga magoti kwenye umande. Baba aliendelea kunoa panga mpaka gari likaondoka.

Hakugombana na Nyaboke hata siku moja. Laiti angegombana! Lakini ili umgombeze mtu lazima utaje alichosema, na baba asingeweza kukitaja mbele ya mkaza mwana wake. Aliacha tu kula chakula kilichotoka jikoni kwake. Nyaboke akimsalimu kwa mbali, aliitikia kwa mbali. Akaacha kanisa. Siku za Sabato alikaa kwenye migomba amevaa suti yake ya kanisani, kana kwamba kuna ibada huko.

Naye Nyaboke hakuweza kuomba msamaha. Fikiria hilo. Ungeombaje msamaha wa jambo ambalo kulitaja ni kosa lile lile? Alimtuma mama. Mama akaenda, akazunguka maneno, akafika. Baba akasema, "Sijui mnazungumzia nini." Nilimhurumia, halafu nilimchukia, halafu nilimhurumia tena, wakati mwingine yote kwa siku moja.

Masomo aliendelea nayo. Krupa aliniambia kwamba kwenye lile darasa la maombi Nyaboke alirudia salamu yake ya zamani, aombewe asome vizuri. Profesa Marlene aliuliza habari za mzee mara nyingi. Nyaboke alijibu kwamba mzee anashukuru.

Mvua za Aprili zilikuta mkojo wa baba umekataa kabisa. Alikaa nao tangu jana yake bila kusema, mpaka tumbo likafura na akaanza kutapika. Barabara ilikuwa tope tupu, gari halifiki. Mama akamwita Onsongo, kisha akampelekea Nyaboke habari. Alasiri ile Nyaboke alikuja kwa miguu kutoka barabara ya lami, ameloa, mkoba wake wa kazi umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani ya mkoba kulikuwa na mpira wa mkojo, ule wanaoingiza hospitalini. Kwa mikono yake ilikuwa kazi ya dakika chache. Wanaume wangapi amewatia mpira ule wodini?

Lakini hakukanyaga kizingiti. Alisimama nje ya dirisha la chumba cha baba, chini ya mchirizi, maji ya bati yakimwagikia bega. Mimi na Cleophas tulisimama uani hatujui tuweke mikono wapi. Ndani alikuwa Onsongo na mama.

"Mzee Onsongo," Nyaboke akaita kupitia dirisha, sauti yake ya kazini, imetulia, "nawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Mama akufungulie hiyo pakiti bila kugusa ncha. Nitakueleza kila kitu polepole. Kwanza mlaze chali..."

Ndipo tukasikia sauti ya baba. Ilikuwa nyembamba lakini kila neno lilisikika.

"Onsongo. Mwambie huyo mama wa dirishani amesema ya kutosha."

Onsongo akatoka na mkoba, akauweka mlangoni, analia waziwazi, mtu mzima yule wa mizaha. Nyaboke alikaa chini palepale kwenye tope na gauni lake jeupe la kazi. Hakulia. Aliangalia mikono yake.

Tulimbeba baba juu ya kitanda hadi lami, tukapata gari la majani chai, tukamfikisha Kisii. Daktari alisema figo zilikuwa zimechoka kitambo. Siku ya Sabato akafa.

Kwetu mtu akizikwa, mmoja wa jamaa husimama na kueleza ugonjwa: ulianzaje, alipelekwa wapi, nini kilimwua. Watu hungoja sehemu hiyo kuliko mahubiri, kwa sababu kifo kisichoelezwa kina mkono wa mtu. Na kama jamaa ina nesi, nesi ndiye husimama. Mwongoza mazishi, Mwalimu Nyangau, alishika kipaza sauti na kusema, "Sasa tumwite mke wa Cleophas, nesi wetu mwenye madigrii, atueleze ugonjwa wa mzee."

Nyaboke alisimama mbele ya umati ule. Lile benchi la walimu lilikuwepo lote, limenyamaza.

"Mzee aliugua," akasema. "Mke wake alimtunza vizuri sana. Sasa amepumzika."

Akarudisha kipaza sauti.

"Madam, watu wanauliza ni ugonjwa gani," Nyangau akasema.

"Nimemaliza."

Nilisikia mnong'ono ukianzia nyuma na kusonga mbele. Siku chache baadaye ulikuwa na miguu na mikono. Kwa nini hataki kusema? Si baba aliacha kula chakula chake? Mbona aliacha? Mtu wa madawa, anajua ya kuponya na anajua mengine. Waliojua ukweli, wale wa benchi la mbele, waliona haya kwa kicheko chao, wakanyamaza. Omwenga alifungwa na kiapo cha kazi yake. Neno moja, tezi, lingemsafisha Nyaboke mbele ya kijiji kizima, na hakulitamka.

Shahada aliipata mwisho wa mwaka huo. Joho lilikuja kwa posta. Kanisa lilitaka kufanya sherehe, akakataa. Halijatoka kwenye sanduku mpaka leo.

Wiki iliyopita mama mmoja pale soko la Magwagwa alivuta mtoto wake pembeni Nyaboke alipopita. Niliona kwa macho. Nilikwenda nyumbani kwake nikiwa nimewaka. Alikuwa jikoni, ungo mapajani, anachambua chinsaga.

"Imetosha," nikamwambia. "Mimi nitasema. Nitaandika hata gazetini. Nitaeleza baba alikuwa na nini, na vitambaa vya mama, na kila kitu, ili wakome kukuita mwuaji."

Hakukasirika.

"Wifi," akasema, "na wewe pia?"

Akasogea kidogo kwenye benchi kunipa nafasi, nikakaa, nikachukua fungu langu la mboga.